Vidole Vyekundu kwenye Kikapu cha Manjano

Sisi tuliokuwa darasa la nne na la tano mwaka 2012 na 2013 huku Makere bado tunaitwa vijana, lakini mimi nikimsikia mtoto wa siku hizi akitaja rangi najiona bibi kizee. Juzi mtoto wa jirani, hajafika hata miaka sita, alinyanyua ndizi mbivu mbele yangu akasema hii ni yelo. Nikamuuliza yelo ni nini. Akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama kuku aliyenyeshewa, akasema yelo ni yelo, iko kwenye simu. Nikacheka, nikampa na ndizi ya pili. Moyoni nikasema mtoto huyu hana kosa, ila amepewa rangi bila mti wake.

Kwetu sisi kila rangi ilikuwa na mti wake. Kiha tulichoongea nyumbani, kwa jinsi nilivyokisikia mimi, kilikuwa na jina la weusi, la weupe na la wekundu, basi. Rangi nyingine zote ulizitaja kwa kuonyesha kitu: kama jani changa la maharage, kama mawese yaliyoganda, kama tumbo la boga. Ukitumwa kwa jirani kuazima kanga ulielezwa ni ile inayofanana na ganda la ndizi iliyolala siku mbili, na ulirudi na hiyohiyo. Hakuna aliyewahi kuleta ya siku tatu.

Nakumbuka tulivyokuwa tunaishi. Asubuhi ya Juni baridi ya huku juu ilikuwa inauma masikio, na tulikwenda shule na kiazi cha moto mfukoni, kwanza kwa kupasha mkono, halafu kwa kula. Ukikutana na mzee njiani ulichuchumaa, ukapiga makofi taratibu na kumsalimia mpaka amalize kuuliza habari za watu wote wa kwenu, pamoja na mbuzi. Shule ilikuwa inaanza bila wewe, lakini salamu haikatwi. Mchana ugali wa muhogo na maharage, na siku ya bahati samaki wa mgebuka aliyepanda kutoka ziwani akiwa amekaushwa mpaka analia kama ubao. Mvua zikianza tulitafuta uyoga porini, na zikikaribia kuisha tulicheza rede hadi mistari ya uwanja ikafutika kwa nyayo. Mpira wa rede ulikuwa soksi iliyojazwa matambara, na ukikupiga ukiwa umelowa ulijua umepigwa.

Katika hayo yote sikuwa peke yangu hata siku moja. Nilikuwa na Odeta.

Odeta alikuwa mtoto wa mjomba wangu Renatusi, anayelima Murungu, upande wa Kibondo. Mama yake alifariki Odeta akiwa mdogo, mjomba akaoa tena, na Bibi, aliyewazaa mjomba na mama yangu, akamchukua Odeta aishi kwake Makere. Mimi na mama yangu tuliishi nyumba ya pili ndani ya boma hilohilo, lakini mimi nilihamia kwa Bibi bila kuomba ruhusa, kwa sababu Odeta alikuwa huko. Tulilingana umri, tulisoma darasa moja. Yeye alikuwa mrefu, mwenye mdomo, na kila kitu kilichovunjika kilivunjikia karibu naye. Mimi nilikuwa mfupi na mnyamavu, na watu walidhani unyamavu ni adabu.

Odeta hayupo. Alifariki miaka mitatu iliyopita kwa ugonjwa, tukamzika Murungu. Nimelisema mapema ili msilisubiri. Hii si habari ya kufa kwake. Ni habari ya namna nilivyokaribia kumpoteza tukiwa darasa la tano, kwa kosa langu mwenyewe, na kosa lenyewe lilianzia kwenye rangi.

Mwaka ule tulikuwa na mwalimu wa Kiswahili aliyeletwa na serikali kutoka Tanga, Mwalimu Mwanaidi. Alikuwa mama mwenye sauti laini, Kiswahili kinatiririka mdomoni mwake kama maji, na sisi tulikuwa tunakivuta kama anayevuta ng'ombe asiyetaka. Siku ya somo la rangi aliandika ubaoni kijani, chungwa, zambarau, kahawia, manjano, akatuambia tuone wenyewe kwamba majina haya yametoka kwenye mimea. Alipofika kahawia akasema ni rangi ya kahawa, rangi ya udongo uliolowa. Odeta akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kahawa ni nyekundu."

Darasa zima likaitikia kwa Kiha, "Ego," yaani ndiyo. Maana wote tulikuwa tumechuma kahawa.

Mwalimu akamuuliza kahawa nyekundu ameiona wapi. Odeta akajibu bila haya kwamba ameiona juu ya mti, kwa Bibi, na kwamba mwalimu ameiona ikiwa imeshaungua. Tulishika pumzi tukingoja fimbo. Mwalimu Mwanaidi akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Kesho yake Odeta alimletea tawi lenye matunda mekundu, naye akalizungusha mkononi muda mrefu. Alikiri kwamba amekunywa kahawa tangu utotoni na hajawahi kuiona ikiwa hai. Kwa zambarau ilikuwa zamu yetu kuaibika. Hatukuwa tumewahi kuona tunda la jina hilo. Tulijua zambarau ni rangi ya kitambaa cha padri wakati wa Kwaresima, na mwalimu aliposema zambarau inaliwa na inapaka ulimi rangi, tulimtazama kwa mashaka. Tukawa tumetoka sare.

Lakini manjano tuliijua. Manjano ilikuwa ya kwetu.

Nyuma ya jiko la Bibi kulikuwa na tuta moja lenye majani mapana, marefu kufika kifuani kwangu. Mbegu yake aliipata zamani kwa rafiki yake wa Ujiji, na ilikuja na jina lake, akaliacha kama lilivyo. Mzizi ulikuwa manjano. Unga wake uliotiwa kwenye mchuzi wa sikukuu ulikuwa manjano. Ukijikata na jembe, dawa aliyokukandika Bibi ilikuwa manjano. Rangi ya kutia ukindu ilikuwa manjano. Na Bibi hakuishia hapo. Jani la muhogo likianza kuchoka alisema limeingia manjano. Jua la saa kumi na moja likipiga ukutani alisema manjano imefika, ingizeni mbuzi. Mtu akiamka na uso mzuri, anaimba bila sababu, Bibi alimwambia, "Leo una manjano." Ilikuwa sifa kubwa kuliko zote nyumbani kwetu, na Odeta aliipata mara nyingi kuliko mimi.

Ukitoka nje ya boma neno lilibadilika tena. Kwenye zahanati ilikuwa ugonjwa wa macho. Kwa mjomba Renatusi ilikuwa jezi ya timu yake, na siku timu ikifungwa neno lenyewe halikutajwa mbele yake. Sokoni zilikuwa dengu zilizopasuliwa, zile za msaada, zilizotoka kambi ya wakimbizi na kuishia kwenye masufuria yetu. Kwa Mwalimu Mwanaidi, nyumbani kwao Tanga, ilikuwa ngozi ya bibi harusi: unasaga na liwa, ule mti wa kunukia, unamsugua mwali siku kadhaa mpaka anang'aa. Aliposikia mama mdogo Yustina, binti wa mwisho wa Bibi, anaolewa, alikuja na kibakuli kumfanyia hivyo. Bibi alikaa kwenye kigoda akatazama, akasema katika miaka yake yote ametia rangi vikapu, hakujua kwamba na binti anatiwa. Mama mdogo alikuwa mwekundu wa aibu chini ya ile manjano yote.

Sasa kuhusu kikapu.

Kwa Bibi, binti hakutoka nyumbani bila kikapu cha mfuniko. Kilisukwa kwa ukindu, mfuniko wake umechongoka juu, ndani kinawekwa unga wa ulezi, na kinakabidhiwa kwa shangazi za bwana harusi siku ya kumuaga bibi harusi. Bibi alichimba mizizi mwenyewe, akaimenya, akaitwanga kwenye kinu, akaichemsha kwenye chungu na maji ya malimao. Ukindu ulianikwa kivulini, kwa sababu jua lilikuwa linaiba ile rangi. Mimi na Odeta tulisaidia kutwanga, na wiki nzima mikono yetu ilikuwa imeiva. Shuleni walituita wagonjwa. Odeta aliwajibu kwamba sisi ni matajiri, tumeshika dhahabu, wao wameshika chaki.

Kulikuwa na sharti moja. Mwenye jivu mkononi au sabuni asikisogelee kikapu cha manjano. Bibi alilisema kila mwaka, kwa uso uleule aliotumia kutukataza kupiga mluzi ndani ya nyumba. Hakueleza sababu, nasi hatukuuliza. Mimi niliweka sharti hilo kwenye fungu la mambo ya kutisha watoto, pamoja na lile la ukikalia kinu utachelewa kuolewa.

Kikapu kilikamilika Jumatatu. Kiling'aa kama yai lililopasuliwa. Bibi akakitundika chumbani kwake kingojee Jumamosi. Jumatano, watu wakiwa shambani na Odeta yuko kisimani, niliingia nikakishusha. Sikuwa na sababu. Nilitaka kujua mama mdogo atajisikiaje. Nilijifunga kanga yake, nikaweka kikapu kichwani, nikatembea kutoka kitandani hadi mlangoni kwa maringo ya bibi harusi, mara tatu. Nilipokishusha nikaona kwenye mfuniko doa dogo la mawese. Nilikuwa nimekula mihogo ya mawese mchana na sikunawa vizuri.

Hapo ndipo akili ilinituma vibaya. Ndani ya sanduku la mama mdogo kulikuwa na sabuni ya kunukia, nyeupe, aliyoletewa na mchumba wake kutoka Kasulu mjini. Nikaichukua, nikailowesha, nikasugua doa kwa vidole. Doa lilitoka. Lakini pale niliposugua pakawa pekundu. Si wekundu wa mchezo, wekundu wa kutu na damu. Nikajaribu kufuta pembeni, pembeni nako pakawa pekundu. Kila nilipogusa, kidole changu kilibaki pale, kimoja kimoja, kama shahidi. Nikaacha. Nikakitundika kikapu, upande mbaya umeelekea ukutani. Ile sabuni sikuthubutu kuirudisha ikiwa imelowa, nikaifunga kwenye mfuko wa rambo nikaificha chini ya madaftari kwenye begi langu la shule.

Alhamisi mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Mjomba Renatusi aliwasili kutoka Murungu kwa ajili ya sherehe, na Bibi alikigeuza kikapu.

Hakupiga kelele. Alikitoa nje, akakiweka juu ya mkeka, akatuita wote. Tuliona alama za vidole, ndogo, za mtoto. Bibi akasema hii ni kazi ya jivu. Wiki ile zamu ya kusugua masufuria kwa jivu ilikuwa ya Odeta. Mambo yakawa yamekwisha hapohapo. Hata mimi, kama nisingejua, ningesema ni Odeta. Mwezi uliotangulia alikuwa amevunja mtungi, na kabla ya hapo alipoteza jembe mtoni.

Odeta alikataa. Alikataa mara mbili kwa sauti, na ya tatu alikuwa anageuza uso kutafuta wa kumtetea, akanikuta mimi. Sijui uso wangu ulikuwaje. Najua kwamba alinitazama, akaelewa, akafunga mdomo. Yeye ambaye hata mwalimu hakumnyamazisha. Watu walichukua kimya chake kuwa ndiyo kukiri.

Bibi alikuwa amechoka, wageni wanakuja, kazi ya miezi imeharibika. Alimwambia mwanawe, "Renatusi, mtoto wako nimemshindwa. Jumapili urudi naye." Mjomba akainamisha kichwa akasema sawa, Mama. Basi la kwenda Kibondo lilipita barabarani kila asubuhi, na Jumapili Odeta angekuwa ndani yake. Wote tulijua maana yake. Nyumbani Murungu shule ilikuwa mbali, na mtoto mkubwa wa kike alihitajika nyumbani. Sitaki kumsingizia mke wa mjomba. Alikuwa na watoto watano na mikono miwili. Lakini Odeta angebeba mtoto mgongoni, na darasa la sita angelisikia kwa watu.

Nilikuwa na Alhamisi yote ya kusema, na Ijumaa yote. Sikusema. Niliogopa fimbo, niliogopa habari ya sabuni, lakini zaidi niliogopa kuacha kuwa yule mtoto mwenye adabu. Odeta alikunja nguo zake mbili na sare yake kwenye begi, nami nilimsaidia kukunja. Hiyo nimeiandika kwa sababu ni kweli.

Ijumaa asubuhi Bibi alijaribu limao kwenye zile alama, wekundu ukafifia lakini haukuisha. Akakaa kidogo akifikiri. Halafu akachota jivu jikoni, akalikoroga na maji, akachovya kidole chake mwenyewe. Akaanza kudona mfuniko: nukta tatu, nafasi, nukta tatu, nafasi, kuzunguka kote hadi kwenye ncha. Zile alama zangu zikamezwa na nukta. Alipomaliza, kikapu kilikuwa kimekuwa kitu kingine, manjano yenye vidoa vyekundu kama kifaranga wa ndege asiyejulikana. Mama mdogo alisema ni kizuri kuliko mwanzo. Bibi akasema, "Kinafaa." Lakini habari ya Jumapili hakuigusa.

Jumamosi watu wa bwana harusi walikuja. Wali ulikuwepo, nyama ilikuwepo, spika kubwa kutoka Kasulu ilikuwepo na ilikoroma zaidi ya kuimba. Shangazi wa bwana harusi, mama mmoja mnene mwenye cheko la kuangusha vikombe, alipokea kikapu kwa mikono miwili, akakigeuza huku na huku. Akasema amepokea vikapu vingi vya harusi, lakini hii nakshi hajaiona. Akauliza inaitwaje.

Bibi akamjibu, "Haina jina. Ameianzisha mjukuu wangu." Akanyoosha mkono kwa Odeta, aliyekuwa amekaa karibu na mlango.

Sijui kama Bibi alimwonea huruma au alitania tu. Watu walipiga makofi. Yule shangazi akasema binti mwenye mkono kama ule aje Kasulu awafundishe. Odeta hakutabasamu. Alitazama miguu yake, na pembeni ya mlango begi lake lilikuwa limeshaegemezwa ukutani kwa ajili ya kesho. Nikaona kwamba sifa zote zile haziliondoi begi pale. Nikasimama.

"Ni mimi niliyeweka vidole," nikasema. "Si Odeta."

Watu wakacheka. Walidhani nataka sifa. Mjomba Renatusi akacheka pia, lakini cheko lake lilikuwa na mfupa. "Juzi lilipokuwa kosa halikuwa lako," akasema. "Leo limekuwa sifa, umekuja kulidai."

Nilikuwa sijawahi kufikiria kwamba ukweli unaweza kuchelewa mpaka ukafanana na uongo. Nilisimama katikati ya uwanja na sahani yangu ya wali, machozi yananitoka, na hakuna aliyeniamini. Na Odeta, badala ya kukamata nafasi, akasema, "Mwacheni, anatania." Nitakuwa mkweli: kwa muda wa pumzi moja nilitaka kukaa chini na kuiacha iwe hivyo.

Nikaweka sahani chini, nikaingia ndani, nikarudi na ule mfuko wa rambo. Nikaitoa sabuni na kuiweka mbele ya Bibi, juu ya mkeka. Sabuni ilikuwa imekauka na kupasuka, na ubavuni ilikuwa na mkwaruzo mwekundu ule ule wa kikapu. Mama mdogo Yustina, aliyekuwa amefundishwa akae ameinama siku nzima kama anavyotakiwa bibi harusi, akainua kichwa.

"Sabuni yangu," akasema. "Na mimi nimewasingizia panya."

Bibi aliichukua akainusa. Kisha akavuta mfuniko wa kikapu kutoka mikononi mwa yule shangazi, akaunusa nao, pale zilipokuwa alama za kwanza. Alikaa nao puani muda mrefu. Harufu ilikuwa bado ipo. Jivu halinukii maua. Alinitazama mimi, halafu akamtazama Odeta, na uso wake ukabadilika kwa namna ambayo sikuwahi kuiona tena mpaka alipozeeka kabisa. Bibi yangu alikuwa ameona aibu.

"Renatusi," akasema. "Begi la mtoto lirudishe ndani."

Mjomba akainuka, akalichukua. Alipopita karibu yangu akauliza na huyu afanyweje. Bibi akasema huyu ana masufuria mpaka shule ifungwe. Yule shangazi, ambaye muda wote alikuwa anageuza kichwa kama anayetazama mpira, akauliza sasa yeye amsifu nani. Bibi akamwambia asifu jivu. Hapo cheko lililopigwa liliishinda hata ile spika, na mama mdogo akacheka mpaka manjano ya Mwalimu Mwanaidi ikachirizika shingoni.

Baadaye nilimkuta Odeta nyuma ya jiko, anakula nyama yake na ya kwangu pia, bila kuniuliza. Alinifinya mkono kwa nguvu, kucha zikaingia.

"Siku tatu," akasema. "Nilikuwa nahesabu."

Nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Alitafuna, akameza. Akasema kama angenitaja ningekataa, ningelia, na wangeniamini mimi. Aliyasema bila hasira, kama anayeeleza njia ya kwenda kisimani. Alikuwa amesema kweli. Nilimpa na mfupa.

Nyama iliisha, nami nikasugua masufuria mpaka shule ikafungwa. Odeta alibaki. Alibaki darasa la sita na la saba, mpaka tukamaliza mwaka 2015, mwaka ule mabasi ya wakimbizi yalipokuwa yanapita barabarani kutoka mpakani, na sisi tulisimama kando tukiwapungia watoto waliobanana madirishani, na Odeta aliwarushia mapera akilenga vizuri kuliko mpira wa rede. Tuliimba kwaya moja, tuliugua surua moja, tulichaguliwa na kuachwa pamoja. Mtu akiniuliza utoto wangu ulikuwa lini, nasema ilikuwa miaka hiyo miwili na nusu, tangu harusi ile hadi tulipomaliza shule. Mingine ilikuwa kungoja tu.

Watoto wa sasa nawaona wanaishi vizuri kuliko sisi, na sitaki kuwaonea wivu wala kuwasema vibaya. Wana viatu. Wana rangi nyingi kwenye simu kuliko zote alizozijua Bibi na Mwalimu Mwanaidi wakijumlishwa, na ukibonyeza inatoka, haikuachi na mikono ya mgonjwa. Wakikoseana wanafungiana namba, na kesho wana rafiki mwingine. Kila mmoja ana kitanda chake, chandarua chake, na mlango wa kufunga. Sisi baridi ya huku ilitukuta wawili kwenye mkeka mmoja na blanketi moja la kijivu, fupi, na kila alfajiri tuliamka tukigombana nani amelivuta.

Siku hizi nina blanketi langu. Ni jipya, zito, limenitosha na limebaki. Hakuna anayelivuta.